Maktaba Isiyojua Ng'ombe

Jamhuri ya Tutafika haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo wakaguzi wasijisumbue kuitafuta. Ni nchi nzuri. Ina wimbo wa taifa mrefu, ina wizara nyingi, na viongozi wake hukosa usingizi usiku kwa kuwafikiria wananchi, ndiyo maana hulala mchana, vikaoni. Msomaji atakayeona jambo humu linafanana na la kwao, akapimwe macho.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke aliyeitwa Sanura Kitwana, mwandishi wa programu za kompyuta katika Wizara ya Kumbukumbu na Uzalendo. Alikuwa hodari wa kazi yake na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Alikuwa pia na kasoro moja ambayo kwa mtumishi wa umma ni kubwa: hakusahau. Ukimkosea Jumatatu, hata ukimletea maandazi mwaka mzima, atayala maandazi, na Jumatatu ile ataikumbuka vilevile.

Aliishi na mama yake, Bi Ng'washi, mjane mwenye kisukari na mdomo usiochoka. Bi Ng'washi alitoka Ng'undwe, nyanda za juu, ambako karibu kila jina huanza na ng' na kila mtu hujivunia jinsi linavyotoka puani.

Serikali ilipoamua kuwaingiza wananchi wote katika kanzidata moja, Sanura alipewa kazi ya kupendekeza maktaba ya kuulizia. Asubuhi hiyo mama yake alikuwa akinywa uji usio na sukari, kwa uso wa mtu anayeonewa.

"Maktaba gani hiyo isiyo na vitabu?" aliuliza.

"Ni ya kompyuta, mama. Kanzidata ni kama ghala lenye habari za watu wote. Maktaba ni yule unayemtuma ghalani. Unamwambia, niletee habari za fulani. Anaingia, anatafuta, anarudi na jibu."

"Kumbe mbea."

"Ehe. Mbea wa serikali."

"Basi mchague anayesikia vizuri. Yule wetu wa hapa jirani alisikia nusu nusu, mpaka leo Mama Zawadi na mumewe hawasemezani."

Sanura alicheka, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akaenda kazini.

*

Ili jambo lisiharakishwe, Wizara iliunda Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Maktaba. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Injinia Kanali Mstaafu Evarist Bakuza, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, ambaye hakuwa amewahi kuwa daktari, wala mhandisi, wala mwanajeshi, lakini alikuwa kweli amestaafu. Wajumbe walisafiri ng'ambo kujifunza. Walirudi wamenenepa, na picha nyingi za rafu.

"Tumejiridhisha," alisema mjumbe mmoja, "kwamba maktaba nzuri huwa na madirisha makubwa. Hizi anazotuletea Bi Sanura zina madirisha?"

"Hazina madirisha," Sanura alisema. "Si jengo. Ni maandishi yanayoiwezesha programu yetu kuzungumza na kanzidata."

"Viti je?"

Sanura alivuta pumzi. Akaeleza tena, taratibu, kwamba amezijaribu maktaba kadhaa na amechagua moja. Ni ya siku nyingi, inatumiwa na mataifa mengi, makosa yake yameshaonekana na kurekebishwa, na inatolewa bure.

Neno hilo liliwashtua. Ukumbi mzima uligeuka kumwangalia kama aliyetamka tusi.

"Bure?" Waziri aliuliza kwa huzuni. "Binti yangu, unataka Jamhuri ya Tutafika itumie kitu cha bure? Majirani watatuonaje?"

Hapo ndipo alipoinuka kijana aliyeitwa Dastani, mwenye suti inayometameta. Dastani alikuwa mtoto wa mdogo wake Waziri, lakini Waziri alitangaza mapema kwamba udugu huo hautazingatiwa, na wajumbe wakaandika kwamba haukuzingatiwa. Dastani alikuwa ametunga maktaba yake mwenyewe. Aliiita Ndiyo.

"Maktaba za kigeni," alisema, "zinajibu kwa ukavu. Unaiuliza, inakutupia jibu. Ndiyo ina adabu. Kila jibu lake linaanza na maneno 'Ndiyo, Mheshimiwa.'"

Wajumbe walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi.

"Niijaribu," Sanura alisema. Alikwenda kwenye kompyuta ya maonyesho, akaandika jina la mama yake. Skrini ilifikiri kidogo, kisha ikaandika: *Ndiyo, Mheshimiwa. Mtu huyo hayupo.*

"Umeona wepesi huo?" alisema Waziri.

"Yupo. Nimemwingiza mimi mwenyewe jana, na asubuhi nimemwacha anakunywa uji. Tatizo ni hii ritifaa." Aliionyesha kwa kidole ile alama ndogo inayoning'inia juu, baada ya Ng. "Maktaba hii inalifunga kila jina kwa ritifaa, moja mbele na moja nyuma, ili ijue jina linaanzia wapi na kuishia wapi. Ikikutana na ritifaa iliyo ndani ya jina, inadhani jina limekwisha. Inasoma 'Ng', inaishia hapo. Nchi hii ina watu wangapi wenye Ng'? Wote hawa haitawaona. Hilo ni kosa ambalo wanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza."

Dastani alitazama viatu vyake. Sanura alijua kwamba amemshinda, na ulimi wake, ambao haukuwahi kumfaa, uliongeza: "Maktaba hii haijui hata kusema ng'ombe."

Mheshimiwa Bakuza alisimama. Alipokuwa na hasira aliongea polepole zaidi.

"Ndugu wajumbe. Babu zetu walipigana na simba. Leo tunaambiwa tuogope kialama kidogo kuliko kinyesi cha nzi! Mimi nauliza: ritifaa hii imejenga barabara gani? Imechimba kisima gani? Imekuja mjini kufanya nini, kama si kudandia tu juu ya maneno ya wenzake bila kazi?"

Ndiyo ilichaguliwa kwa kauli moja. Sanura alinyang'anywa ufunguo wa kuingia kwenye mfumo, akahamishiwa Kitengo cha Kuusifu Mfumo, chumba kisicho na dirisha ambamo kazi yake ilikuwa kutunga ujumbe wa kuwashukuru wananchi kwa subira yao.

*

Wananchi walikuwa na subira. Mishahara ya walimu wa Ng'undwe ilikoma. Mabibi harusi waliambiwa kanisani kwamba bwana harusi hayupo, naye amesimama pale na ua kifuani. Mtu mmoja, Ng'holi, alikamatwa kwa wizi wa betri ya gari, akaachiwa siku hiyohiyo kwa kuwa hakuwepo, na kwa muda mfupi kidogo watu wa Ng'undwe waliona faida ya jambo hilo.

Malalamiko yalipozidi, Waziri alichukua hatua. Kwanza alipiga ritifaa marufuku nchini. Magazeti yakaanza kuandika "ngombe", madaktari wa meno wakabadilisha vibao ili viseme wanangoa, na kaulimbiu ya taifa, *Tutafika Tuking'aa*, ikasomwa redioni *Tutafika Tukingaa*, mpaka wasikilizaji wakawa wanapiga simu kuuliza tunakinga nini. Kila mwenye ng' katika jina lake aliamriwa afike wizarani kulibadilisha. Alipofika aliambiwa kwamba ili mtu abadilishiwe jina, lazima kwanza apatikane katika mfumo.

Kisha akapeleka bungeni Sheria ya Kuwepo. Ilisema kwamba mtu yeyote ambaye Ndiyo imesema hayupo, basi hayupo, na atakayedai yupo anatoa taarifa za uongo. Na ili ionekane kwamba serikali haina mchezo, Waziri aliongeza kifungu cha adhabu kali kwa yeyote atakayesababisha raia aliye hai ahesabiwe hayupo. Kifungu hicho kiliwalenga mabeberu.

*

Bi Ng'washi aliugua mwanzoni mwa masika. Alianza kwa kulalamika kiu, kisha akaacha kulalamika, na hapo Sanura akajua kwamba hali ni mbaya. Alimpeleka hospitali kuu kwa teksi, mama akimwegemea begani.

Mpokezi aliandika jina. Akaandika tena. Alikuwa msichana mwenye huruma, na huruma yake ilionekana wazi.

"Dada, mfumo unasema hayupo."

"Huyu hapa. Mguse."

"Namwona, dada. Lakini bila namba ya mfumo siwezi kumfungulia faili, na asipofunguliwa, famasi haitoi dawa. Nikitoa nitaambiwa nimempa dawa mtu hewa. Wenzangu wawili wameshafukuzwa."

"Andika jina langu. Mwambie daktari mgonjwa ni mimi."

"Wewe una rekodi ya damu, dada. Wataona haifanani. Walishamfunga mtu kwa hilo."

Sanura alimpigia simu kila aliyemjua. Alimpigia Dastani, akaambiwa yuko kwenye uzinduzi. Alimpigia Waziri mwenyewe, na kwa bahati, au bahati mbaya, simu ilipokelewa.

"Mheshimiwa, nakuomba. Mama yangu anakufa kwenye benchi. Niruhusu niingie kwenye mfumo dakika moja tu, nirekebishe."

"Bi Sanura," ilijibu ile sauti ya kanisani, "ningemfungulia mama yako Ngwashi, kesho ningemfungulia mama wa kila mtu. Huo ni upendeleo. Serikali yangu haina upendeleo."

Bi Ng'washi alikuwa anasikia. Alimvuta binti yake mkono. "Usimwombe tena," alisema kwa sauti kavu. "Mtu hata jina langu hawezi kulitamka." Alifariki pale pale benchini, kichwa kikiwa mapajani mwa mwanawe, huku televisheni ya ukutani ikionyesha tangazo la kuisifu Ndiyo ambalo Sanura mwenyewe ndiye aliyelitunga.

Kibali cha mazishi kilikataliwa. Karani alieleza kwa upole kwamba ambaye hayupo hawezi kufa, na Wizara ina takwimu za vifo inazozilinda. Walimzika bila kibali, huko Ng'undwe, karibu na kaburi la mumewe. Baada ya mazishi lilikuja gari la serikali na barua: Sanura alitozwa faini kwa kosa la kufukia kitu kisichojulikana.

Aliilipa papo hapo. Karani aliyeleta barua alisimulia baadaye kwamba Sanura hakulia wala hakutukana; alimshukuru, akamkaribisha chai, akamuuliza Mheshimiwa Waziri anapenda nini.

*

"Anapenda vyeo," Sanura alimwambia mjomba wake matanga yalipokwisha. "Ukimpa cheo, hakiachi."

Mjomba wake, Mzee Ng'humbi, alikuwa fundi wa makochi na mkuu wa ukoo, na kazi zote mbili alizifanyia katika karakana moja yenye harufu ya gundi. Alikuwa mdogo wake Bi Ng'washi wa kumfuatia ziwa. Tangu msiba alikuwa hajasema mengi.

"Unataka tumpe nini?"

"Utemi. Utemi wa heshima, wa ukoo wenu. Lakini lazima uwe na jina, mjomba. Jina la kwetu. Na alitumie kila mahali."

Mzee Ng'humbi aliacha kupigilia misumari. Alifikiri, na polepole, kwa mara ya kwanza baada ya mazishi, meno yake yakaonekana.

"Litakuwa na ng' mbili," alisema. "Moja ya dada yangu. Na moja ya faini."

Mwaliko ulipomfikia Waziri, alifurahi mpaka akaghairi safari ya nje. Wazee wa Ng'undwe walikuwa wamemwandikia kwamba hakuna kiongozi aliyewafanyia kama alivyowafanyia yeye, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Walimpokea kwa ngoma na vigelegele. Walimkalisha kwenye kiti cha enzi ambacho Mzee Ng'humbi alikitandika kwa velveti nyekundu iliyobaki kwenye kochi la mteja, wakamvika ngozi, wakampa usinga, wakamtawaza Mtemi Ng'ang'anizi.

"Maana yake?" Waziri alinong'ona.

"Aliyeshika na haachii," alisema Mzee Ng'humbi.

Waziri alifumba macho kwa raha. Kisha akakumbuka marufuku yake mwenyewe. "Nitaliandika bila zile alama, sivyo?"

Mzee Ng'humbi alionyesha kusikitika. "Unaweza, Mtemi. Ila bila zile alama, kwa lugha yetu, hilo ni jina la anayebeba chungu cha mkojo cha mtemi."

Wiki hiyohiyo gazeti la serikali lilichapisha tangazo kwamba marufuku ya ritifaa haiwahusu watemi. Dastani aliitwa. Huenda kijana aliona hatari. Inasemekana alifungua mdomo. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba baba yake mkubwa hapingwi, na maktaba yake iliitwa Ndiyo kwa sababu. Aliufuta ule udaktari na uhandisi na ukanali, vyeo ambavyo Waziri alisema sasa ni vidogo, na kwa mkono wake akaandika katika kanzidata, herufi kwa herufi: Mtemi Ng'ang'anizi Evarist Bakuza.

Sanura alitunga tangazo la kumpongeza. Lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kutunga.

*

Ilianzia getini. Askari aliyekuwa akimpigia saluti kila siku aligusa mashine yake, akaitazama, akamtazama, akashusha mkono.

"Samahani, mzee. Hupo."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri sana, Mheshimiwa. Lakini nikisema upo nitakuwa natoa taarifa za uongo. Ni sheria yako."

Dereva aliambiwa gari halina mwenyewe, akalirudisha. Benki ilisikitika. Shirika la nyumba, likiona jumba la uwaziri halina mtu, lilimpangisha balozi mmoja mwenye mbwa wengi, na mke wa Waziri akahamia kwa dada yake akisema ameolewa na mtu, si na uvumi. Siku ya kikao cha mawaziri, orodha ilichapwa kutoka katika mfumo, na Mheshimiwa Rais, ambaye alipenda mambo yaliyonyooka, aliona wizara moja haina waziri. Alishangaa kwamba hakuna aliyemwambia. Akamteua palepale mtaalamu kijana aliyetunga ile maktaba yenye adabu.

Bakuza alimsubiri Dastani nje ya uzio wa wizara mpaka alipotoka, na bendera kwenye gari.

"Dastani! Mwanangu! Nirudishe! Wewe ndiye uliyeniandika!"

Kioo kilishuka kidogo.

"Baba mkubwa," alisema Waziri mpya, kwa sauti ambayo tayari ilikuwa imeanza kuwa ya kanisani, "ningekurudisha wewe, kesho ningemrudisha baba mkubwa wa kila mtu." Kioo kikapanda.

Sanura aliyasikia hayo yote akiwa katika chumba chake kisicho na dirisha, na kila habari aliitafuna taratibu. Alifurahi alipopita barabarani akamwona Bakuza amekaa kwenye ukingo wa mtaro, ile ngozi ya utemi mabegani, akiwaeleza wapita njia kwamba yupo. Alifurahi hadharani. Alinunua embe la pilipili, akalila pale pale akimtazama.

Kisha akaenda mahakamani kufungua shauri la kifo cha mama yake. Ile sheria ilikuwa na kifungu cha adhabu, na alitaka kitumike. Karani wa mahakama aliandika jina la mshtakiwa, akatikisa kichwa.

"Hayupo, mama. Asiyekuwepo hashtakiwi. Huyu hata akiungama kwa maandishi, hatuna mtu wa kumfunga. Faili linabaki hapa mpaka apatikane."

Sanura alitoka nje akasimama kwenye ngazi. Alikuwa amefikiri amemfutia Bakuza kila kitu. Kumbe alikuwa amemjengea ngome. Maskini yule wa kwenye mtaro alikuwa ndiye mtu pekee katika Tutafika aliyeua na asiyeweza kuguswa, na aliyempa kinga hiyo ni Sanura.

*

Bahati yake ni kwamba Dastani alishakuwa mkubwa kiasi cha kutotaka kushika kompyuta. Mfumo ulipogoma, kama ulivyokuwa ukigoma kila mara, alimwita Sanura, akamrudishia ufunguo wake.

"Wewe uwe unauangalia angalia," alisema. "Mimi sasa nina majukumu ya kitaifa. Ila usiiguse Ndiyo."

"Siwezi kuthubutu, Mheshimiwa," Sanura alisema.

Aliiondoa siku hiyohiyo. Aliweka ile maktaba ya bure aliyoipendekeza mwanzoni, akaijaribu kwa majina ya Ng'undwe nzima, na wote wakatoka mmoja mmoja, walimu na mabwana harusi na hata Ng'holi wa betri. Kila jibu alilitangulizia maneno "Ndiyo, Mheshimiwa", na kwa hiyo hakuna kiongozi aliyegundua lolote. Lilibaki jina moja. Hilo alilizuia kwa makusudi, kwa mstari mmoja wa maandishi, kwa sababu alitaka aombwe.

Bakuza alifika ofisini kwake siku ambayo askari wa getini, kwa kumhurumia, aliangalia pembeni. Alikuwa amekonda. Usinga umebaki kijiti.

"Bi Sanura. Wanasema wewe unaweza."

"Naweza."

"Nakuomba. Watoto wangu wananipita njiani. Nimeumwa malaria, nimeambiwa kwanza nipatikane. Sijali tena uwaziri. Nataka tu kuwepo."

"Taja jina la mama yangu."

Alilikumbuka, hilo Sanura alilitambua usoni mwake, na lilimuudhi kuliko kama angelisahau. "Ngwashi," alisema Bakuza.

"Sivyo."

"Ngu-washi."

"Sivyo. Umeipiga marufuku mwenyewe, sasa itafute."

Alijaribu, na jasho likamtoka. Watu wa ofisi za jirani walikusanyika mlangoni. Yule mzungumzaji mkubwa wa taifa alikunja pua, akakohoa, akatoa sauti za mbuzi, sauti za pikipiki, mpaka mwishowe, kwa kulia zaidi kuliko kwa kusema, ikatoka sawasawa: "Ng'washi. Bi Ng'washi."

Mlangoni hakuna aliyecheka. Sanura aligeukia kompyuta, akafuta mstari ule mmoja.

"Tayari. Upo."

Bakuza alimwangukia miguuni. Alimwita mama, alimwita malaika, alimwahidi kiwanja. Kisha akaenda getini akikimbia kama mtoto, na askari aligusa mashine yake, uso ukamchangamka.

"Mheshimiwa Mtemi Ng'ang'anizi! Umepatikana!" Akasoma zaidi. "Subiri hapa kidogo, Mheshimiwa. Unatafutwa na mahakama."

*

Siku ya shauri, watu wa Ng'undwe walijaza ukumbi mpaka wakakaa madirishani. Waziri Dastani alikuwa ameliunga mkono shauri hilo kwa moyo wote, kwa kuwa baba mkubwa aliyepatikana anaweza kutaka kiti chake. Wakili wa Bakuza alikuwa mjanja. Alisimama, akadai kwamba mteja wake, kwa muda mrefu na kwa mujibu wa sheria, hakuwepo, na kwamba anaomba mahakama iirudishe hali hiyo. Asiyekuwepo hana shauri la kujibu.

Jaji alikuwa mama mzee mwenye miwani mizito, aliyechoka na mawakili. Alimwelekea mshtakiwa.

"Ombi hili naweza kulikubali. Ukisema hupo, nafunga faili sasa hivi na unatoka mlango ule. Ila ujue, hutakuwa na nyumba, wala mke, wala dawa, wala jina, na hakuna mtu wa serikali atakayekujibu maisha yako yote. Ukisema upo, tunaendelea, na adhabu ya kifungu hiki umeiandika mwenyewe. Chagua."

Wakili alimvuta mkono akimnong'oneza aseme hayupo. Bakuza alitazama ule mlango. Nje palikuwa na jua, na barabara, na watu wanaopita bila kumwona. Aligeuka akautazama ukumbi uliojaa, macho yote yakimwelekea yeye, waandishi wa habari wamenyanyua kalamu, na kifua chake, bila ya yeye kutaka, kikatuna.

"Nipo," alisema.

Alipewa adhabu yote, bila kupunguziwa hata siku. Walipokuwa wakimtoa kwa pingu aligeuza shingo kumtafuta Sanura, labda alitaka kusema neno, na Sanura alimtazama machoni mpaka mlango ulipofungwa.

Watu husema kisasi hakimpi mtu raha. Sanura alirudi nyumbani, akapika wali wa nazi na kuku, akala akashiba, akalala fofofo mpaka jua lilipompiga usoni.